Kamera ya Papa na Picha Niliyokataa Kuipiga

Jumapili jioni, Koekelberg. Mvua imekatika, lakini mawingu bado yamekaa juu ya basilika kama wageni wa harusi wanaosubiri kuambiwa waende nyumbani.

Shajara yangu, leo nina mambo. Kaa vizuri.

Nianze na moyo wangu, maana hali ya hewa ya Brussels haina habari mpya. Ninaogopa. Nimeogopa wiki nzima na sijamwambia mtu. Dukani kule Porte de Namur, ninakouza vitenge, sisi tunaviita pagne, juzi nimemkatia mteja kitambaa kombo kabisa. Mama wa watu akanitazama, mimi nikasingizia mkasi. Mkasi maskini hauna hata wa kuutetea.

Jumatano Papa, baba yangu, anapasuliwa moyo.

Daktari wa hospitali ya kule Woluwe alitueleza kwa upole, akachora na kwenye karatasi. Kuna kilango kimoja ndani ya moyo wa Papa kimechoka, hakifungi tena vizuri, damu inarudi nyuma. Watakitoa, wataweka kingine. Alichora kama fundi bomba anayekuonyesha kwa nini jiko lako linavuja. Papa akawa anaitikia tu, "oui docteur, oui docteur," halafu tulipokuwa kwenye metro akaniuliza kama hicho kilango kipya kina garantii. Nilicheka mpaka watu wakageuka. Nilipofika nyumbani nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Lakini si operesheni ninayotaka kuandika. Ni kamera.

Mwaka jana Papa alirudi kutoka soko la vitu vya zamani na kitu cheusi, kinene, kimefungwa kwenye gazeti. Nikajua ni redio nyingine. Kumbe kamera. Si ile ya kubadilisha lenzi. Lenzi yake haitoki, ni moja tu, imeshonewa hapo. Ukiiwasha inatoa pua. Ukisukuma kale ka wenzo kanakozunguka kitufe cha kupigia, pua inarefuka, inarefuka, mpaka unaona aibu kwa niaba yake. Hiyo ndiyo zumu. Kulia unakwenda mbali, kushoto unarudi nyumbani.

Nikamuuliza atapiga picha za nini, na moyo wenyewe haumpandishi hata ngazi za kanisa. Sisi tunakaa ghorofa ya nne, na lifti ya jengo hili inafanya kazi ikijisikia. Akanijibu huku anafuta vumbi kwenye lenzi: "Miguu itabaki apa. Macho njo itatembea."

Na kweli macho ndiyo yametembea, jamani. Papa anavuta kiti dirishani, anaegemeza viwiko kwenye ubao wa dirisha kusudi mikono isitikisike, anakwenda. Anafika juu kabisa ya kuba la basilika, wanakopanda watalii, na anajua nani amekwenda na koti jepesi na nani anajuta. Anawafahamu njiwa kwa tabia. Anajua kwamba bibi wa jengo la ng'ambo anazungumza na maua yake. Nilimwonya: Papa, hapa Ulaya ukichungulia nyumba ya mtu anaita polisi. Akasema yeye hachungulii, anasalimia.

Kuna kitu kimoja nilichelewa kukigundua. Nikirudi kutoka kazini, kila siku nikifungua mlango, chai iko mezani, moto. Si chai ya vuguvugu, chai inayotoa moshi. Mimi nikidhani ni uzoefu wa mzee, anajua saa zangu. Siku moja nikachelewa sana, kulikuwa na mgomo wa metro, na bado chai ikawa moto. Ndipo akakiri. Ananiona kwenye zumu nikitokeza kituoni Simonis, kule mbali kabisa, nikiwa mdogo kama punje ya mchele. Anaweka birika jikoni. Nikimaliza kupanda barabara na ngazi, maji yamechemka.

Sasa. Tangu hospitali ilipotupa tarehe, Papa alianza kunifundisha hiyo kamera. Kila siku baada ya kula. Sikuomba.

Nyie wasomaji wangu wa mtandaoni, wa Dar na Nairobi, mnaoninyoosha Kiswahili kila nikiandika, msinicheke, maana haya maneno ya kamera mimi nimeyajulia mezani, katikati ya sahani za bukari, ugali wetu. Juu kuna gurudumu lenye herufi. Ile ya kijani, ya Auto, Papa anaiita ya wavivu: kamera inaamua kila kitu, wewe ni wa kubonyeza tu. P inafanana nayo, ila inakuuliza-uliza kidogo. A ni ya mboni, unaamua jicho la kamera lifunguke kiasi gani. Likifunguka sana, uso unatoka safi na vitu vya nyuma vinalainika. S ni ya haraka, ya njiwa na watoto wa baiskeli. M unafanya yote mwenyewe. Papa alisema M ni kama ndoa: kila kitu kiko mikononi mwako, na bado picha inaweza kutoka nyeusi.

Halafu kuna SCN. Ukiigeuzia hapo, vinakuja vichoro vidogo: uso wa mwanamke, mlima, mtu anayekimbia, mwezi, theluji, mshumaa. Nilipofika kwenye mshumaa nikaruka haraka. Papa akaona.

Anasema ninabonyeza kitufe kama ninaua mbu. Bonyeza nusu, ananiambia, ngoja, kamraba kawe ka kijani, pumua, ndipo umalizie. Mimi nusu sijui. Tangu utoto mimi ni mtu wa kumaliza.

Na kila somo lilimalizikia mahali pamoja: kwenye alama ya saa ndogo, pale unapoiambia kamera ingoje kwanza sekunde kumi ndipo ipige. Yeye anaiita kwa Kifaransa, retardateur. Ningejua mboni, ningejua zumu, ningejua yote, bado angenirudisha kwenye kasaa. Nikamwambia, Papa, hiyo ni ya watu wasio na mtu wa kuwapigia, mimi nipo, nitakubonyezea. Akanisogezea kamera. "Fanya tena, maman."

Mimi ananiita maman kwa sababu nina jina la mama yake. Akiniita hivyo siwezi kubisha. Anajua.

Katikati ya wiki nikamkuta sebuleni anapiga brashi suti yake nyeusi. Ile suti ilivaliwa mara ya mwisho kwenye matanga ya Maman, mama yangu mzazi. Akaniuliza kama tuna shuka nyeupe isiyo na maua. Akasema Jumapili, baada ya misa, nimpige foto. Yeye peke yake, amekaa, kuanzia kifuani.

Moyo wangu ukafanya paa.

Bon, kwa wasiotujua, nieleze. Kwetu, hapa Brussels kama Lubumbashi, mtu akifariki kinachotafutwa kabla ya ukumbi, kabla ya viti, kabla ya nani atapika, ni picha. Picha kubwa, ya uso, mtu kavaa vizuri, nyuma hakuna kitu. Inawekwa mezani kwenye fremu, pembeni mshumaa na maua, na kila anayeingia anakwenda kusimama mbele yake kwanza. Picha ya mtu mzima, peke yake, ndani ya suti, nyuma shuka nyeupe? Hiyo haina jina lingine. Mtoto yeyote wa kwetu anaijua.

Na ninajua kwa nini aliitaka. Maman alipoondoka ghafla, hatukuwa na picha yake nzuri. Maman alikuwa mpiga soga, hatulii, kila picha amegeuka. Tukatafuta, tukatafuta, mwisho Tantine Régine, mdogo wake, akaipata moja kwenye simu yake, ya harusi ya binamu yetu kule Liège. Maman anacheka, pagne ya bluu, uso wote unaonekana. Ila alikuwa katikati ya kundi la watu. Tantine akakata kulia, akakata kushoto, akakata juu. Akabaki Maman. Akabaki na mkono wa mtu begani.

Mkono tu. Mkono wa shati jeupe umetokeza kwenye mkono wa koti jeusi, kama mikono ya wanaume wote wa ile harusi. Hauna mwenyewe.

Kijana wa Matonge aliyetuchapishia alisema anaweza kuufuta kwa kompyuta, haraka tu, hakuna atakayejua. Papa akakataa. "Acha vile." Sote tukaona ni uchovu wa msiba, tukanyamaza. Lakini ukumbini, we acha tu. Kila mtu akimaliza kujifuta machozi anainama kidogo: ule mkono ni wa nani? Tantine kwa aibu akasogeza maua yaufunike. Tukienda jikoni kuleta sahani, tukirudi maua yamekwisha sogea pembeni. Akayarudisha. Yakasogea tena. Tukasema ni watoto.

Donc nilimwelewa Papa, au nilijidai nimemwelewa. Hakutaka kwenda vile, na mkono wa mtu asiyejulikana. Alitaka picha yake iwe tayari, safi, asituache tukihangaika kwenye simu za watu.

Na mimi nikaamua siipigi.

Nitasema wazi, maana hapa ndipo ninaposema wazi. Mtu akishapiga ile picha, amefunga mizigo. Amekwisha kubali. Mimi nilitaka Papa aingie hospitali akiwa na viporo. Nilitaka awe na suruali kwa fundi, na njiwa hajamaliza kumchunguza, na picha haijapigwa. Mtu mwenye viporo anarudi. Najua si sayansi. Msiniandikie.

Basi nikaanza vitimbi. Alhamisi nikamwambia betri ya kamera imeanza kufa. Akaitoa, akaichaji. Nikasema mwanga wa Jumapili utakuwa mbaya, utabiri umesema mawingu. Akajibu mawingu ndiyo mwanga mzuri kwa uso wa mtu mweusi, hayaleti kivuli chini ya macho. Ubishi na mzee aliyeshinda na kamera mwaka mzima ni kazi bure.

Ijumaa, wakati amelala mchana, nikaichukua. Nilitaka kuona kama amekwisha kujipiga mwenyewe kwa siri, kwa kile kisaa chake. Nikabonyeza kale ka pembetatu kanakoonyesha picha za nyuma.

Papa hakuwemo. Nilikuwemo mimi.

Mimi nikitokeza Simonis. Mimi na mfuko wa mboga. Mimi na mwavuli uliopinduka, mdomo wazi, nadhani ninautukana. Mimi nimesimama kwenye taa za barabarani, nimefumba macho, nimechoka, uso ambao simwonyeshi mtu, hata kioo. Mimi nikicheka peke yangu na simu. Picha baada ya picha, siku baada ya siku, koti la baridi, gauni la kiangazi, tena koti. Nyingine zina ukungu, mkono wake ulitikisika. Zumu ikienda mbali namna hiyo, hata pumzi inasogeza picha. Hakuwahi kunionyesha hata moja.

Mimi nilidhani ile barabara ninaipanda peke yangu.

Niliweka kamera palepale, imeelekea palepale. Nikapika. Na badala ya kunilainisha, ikanizidishia ukaidi. Mtu anayekutazama namna hiyo hupigi picha yake ya mshumaa. Hapana.

Haya, leo.

Misa ilikuwa ndefu. Padri alimwita Papa mbele, wote wakamwombea, na mimi nikaangalia viatu vyangu muda wote. Nyumbani Papa alikula bukari kidogo, samaki akamwacha nusu. Halafu akainuka, akaenda chumbani. Akapitia mlangoni kwangu: "Vaa muzuri na weye." Nikamwambia mpiga picha haonekani. "Vaa tu." Nikavaa gauni langu la Pasaka, kwa hasira, na ndara zangu za nyumbani, pia kwa hasira.

Nilipotoka, kila kitu kilikuwa tayari. Shuka imebanwa juu ya pazia kwa vibanio vya nguo. Kigoda mbele ya shuka. Na kamera ameisimamisha juu ya meza ya kupigia pasi, ameipandisha meza mpaka kamera ikalingana na uso wake, chini ameweka kitabu cha nyimbo ili isimame sawa. Nikamwuliza ya nini meza na mimi nina mikono. Akaniambia mikono yangu inatetemeka. Ilikuwa kweli, ikaniuma.

Akakaa. Suti imekuwa pana kwake. Shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akatazama lenzi kama wanavyotazama wazee wetu, bila tabasamu, kama mtu anayekula kiapo.

Nikageuza gurudumu kwenye kijani, nikainua flashi, nikaua mbu. Macho yamefumba, paji la uso limeng'aa kama sufuria. Papa akaja, akavaa miwani, akaitazama, akaifuta. Akarudi kukaa.

Nikasukuma zumu mpaka ikabaki pua yake na sharubu. Paa. Akaja, akaitazama, akaifuta. Akarudi. Kila safari ya kwenda na kurudi inamchosha, ninamsikia anavyohema, na bado ninaendelea, Mungu anisamehe. Nikaweka S, nikaipunguza mwendo kabisa, nikaigusa meza makusudi. Pichani akatoka kama moshi.

Mara hii hakuinuka. "Maman," akasema, "unacheza na miye."

Ndipo ikanitoka. Sikuipanga.

"Papa, mimi sipigi picha ya matanga yako."

Chini barabarani tramu ikapita, vikombe vikalia kabatini. Nilidhani atakasirika, Papa akikasirika anakunja mdomo upande mmoja. Hakukunja. Alinitazama vizuri tu.

"Foto ni foto," akasema. "Siku yake njo itasema ni ya nini."

Hana uongo, mzee huyu. Hakuniambia si ya matanga ili nitulie. Angeniambia hivyo ningejua ananidanganya, na ningeogopa zaidi. Nikabaki nimesimama nyuma ya meza ya pasi, machozi yananidondokea kwenye kitabu cha nyimbo.

Halafu likanijia wazo, nikajiona mjanja, shajara, nikajiona mjanja kuliko watu wote wa Koekelberg. Picha ya matanga ni ya mtu mmoja. Picha ya watu wawili haikai pembeni ya mshumaa, maana mmoja wao bado anapumua, ni mkosi, hata Tantine Régine hatathubutu. Anataka picha? Atapata picha. Lakini nitaiharibu.

Nikarudisha zumu kushoto, nyumbani, mpaka shuka yote ikaonekana. Nikageuza kwenye A, jicho likafunguka, kama alivyonifundisha. Nikatafuta kasaa. Vidole vilikwenda vyenyewe. Vingekosaje, na masomo yale yote? Nikabonyeza nusu. Nikangoja kamraba kakawa ka kijani usoni kwake. Nikapumua. Nikamalizia.

Kale ka taa kekundu ka kamera kakaanza kupepesa.

Nikakimbia. Ndara moja ikabaki katikati ya sebule. Nikafika nyuma ya kigoda, nikasimama ubavuni kwake, nikamshika begani, nikaikamata ile suti kwa nguvu kama mtu anayeng'ang'ania kiti cha metro. Nikatazama lenzi, nikasema, sasa wajaribu kunikata.

Papa hakushtuka. Hakugeuka hata. Aliinua mkono wake kutoka gotini, polepole, akautafuta wangu. Nikajua anautoa. Nikaukaza zaidi. Hakuutoa. Aliusogeza, kidogo tu, karibu na shingo, pale koti linapoishia na joto la mtu linapoanza. Akaupigapiga mara mbili, ukae.

"Apa," akasema. "Wangu ulikuwa apa."

Kamera ikapiga.

Sikuelewa. Haki ya Mungu, sikuelewa mara moja. Nikamwuliza wako upi, ulikuwa wapi. Na Papa, bila kuniangalia, macho bado kwenye ile mikono yetu kama vile picha haijaisha, akanieleza. Kule Liège walikuwa wamesimama wote ngazini kwa picha ya ukoo, yeye yuko nyuma ya Maman kwa sababu ya urefu, na Maman akawa anacheka mpaka anayumba, amesikia upuuzi wa mtu. Akamshika begani asianguke kutoka kwenye ngazi. Ndiyo hiyo picha. Tantine alipokata kwa haraka ya msiba, akamkata Papa, akabakisha mkono, na hakujua alichokata wala alichobakisha. Papa alijua tangu alipoiona kwenye simu.

"Sikupenda baufute," akasema. "Nilikuwa namushika."

Na maua ukumbini, nikamwuliza, ingawa nilikwisha jua. Akatingisha kichwa. Ni yeye. Kila Tantine alipoyasogeza, yeye aliinuka kama anakwenda kunyoosha miguu.

Kwa hiyo siku zile zote za matanga watu wameinama kutazama ule mkono wa mtu asiyejulikana, na mwenye mkono amekaa kiti cha mbele, amenyamaza. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Akasema hatukumwuliza yeye. Tuliulizana sisi kwa sisi.

Nikakaa chini kabisa, kwenye zulia, na gauni langu la Pasaka, nikalia vizuri, kilio cha sauti, si kile cha bafuni. Papa akaniacha. Halafu akanisema kidogo, lazima, ndiyo tabia yake: siku zote hizi ananifundisha retardateur, mimi ninamwuliza ya nini, ya nini. Alidhani nimeelewa. Meza ya pasi amenisimamishia. Nguo amenivalisha. Peke yake, amekaa, kuanzia kifuani, ndiyo. Lakini mtu aliye peke yake naye ana mtu nyuma. Angeniomba waziwazi? Mkono wa begani, akasema, hauombwi.

Tulitazama ile picha pamoja. Ni mbaya, wapenzi. Mimi mdomo uko wazi, nusu ya kichwa changu imetoka nje ya shuka, mguu mmoja hauna ndara. Papa haangalii lenzi, anaangalia chini pembeni, kwenye mikono. Mikono yenyewe ina ukungu kidogo, wake juu ya wangu, kwa sababu wakati ule ulikuwa bado unaupigapiga. Nikamwambia turudie, sasa nitapiga vizuri, ninaahidi. Akakataa. Akashika wenzo wa zumu, maana kumbe hata ndani ya picha iliyokwisha kupigwa unaweza kwenda karibu, akaenda, akaenda, mpaka skrini yote ikawa mikono tu. Akakaa hapo muda mrefu.

"Njo hii," akasema.

Sasa amelala. Suti nimeitundika, shuka nimeikunja, vibanio vimerudi kwenye kopo lao. Samaki aliyemwacha nimemla mimi. Begi la hospitali liko mlangoni, na kamera ameiweka juu ya begi langu, si lake. Anasema baada ya operesheni watamweka chumba chenye dirisha, na mimi nisimame chini kule bustanini niangalie kama zumu inafika. Atanipungia. Suruali yake, kwa taarifa yenu, bado iko kwa fundi. Sikumkumbusha.

Bado ninaogopa, sikufichi. Nilidhani picha hii ikishapigwa nitahisi nimemfungulia mlango aende. Sihisi hivyo. Ninaisikia ile sehemu karibu na shingo, joto lake, kama bado nimeishika.

Jumatano asubuhi watamsukuma kwenye kitanda chenye magurudumu mpaka kwenye mlango ambao mimi siruhusiwi kuuvuka. Hadi kwenye mlango ule nitatembea ubavuni kwake, na mkono wangu utakuwa palepale aliponionyesha.